Farasi wa Mbao wa Jinja: Daftari la Safari

Jumatatu, Busia hadi Jinja

Afisa wa forodha pale Busia alilifungua sanduku la Mjomba, akatoa spana, nyundo, kopo la grisi, chupa ya mafuta ya taa na boksi la chaki za shule. Akatutazama.

"Nyinyi ni makanika au walimu?"

"Sisi twatengeneza pembea, baba," Mjomba akamjibu, bado na usingizi wa basi. Afisa akacheka, akarudisha kila kitu mahali pake, akatutakia safari njema.

Kwa asiyemjua Mjomba: kila Idi, watoto wa Mombasa wanapofurika kiwanja cha Makadara, miongoni mwa wanaofunga zile pembea usiku wa kuamkia sikukuu yumo yeye. Amewahi kuitwa hadi Unguja kwa Idi ya Mnazi Mmoja. Pembea za Idi hufungwa, huchezewa, hufunguliwa, zikapakiwa zikaenda zake. Hii tuliyoitiwa Uganda ni ya aina nyingine: ya farasi wa mbao wanaozunguka. Imesimama mahali pamoja zaidi ya miaka hamsini, na aliyetuita anataka iendelee kusimama.

Njiani Bugiri, Iganga, malori ya mafuta, miwa. Tumeingia Jinja jua linazama. Nimechoka, nitaandika kesho.

Jumanne, Jinja

Mwenye pembea ni Hajat, Mnubi wa Bombo aliyeolewa Jinja. Babake alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili amekulia nacho kambini na anakisema bila kusita. Alitupokea kwa chai na mandazi, akamwita Mjomba "kaka" tangu salamu ya kwanza, mimi nikawa "mwanangu", kisha akatupeleka nyuma ya mtaa wenye maghorofa ya zamani ya Wahindi, yale yenye mwaka wa kujengwa umechongwa juu ya mlango.

Kiwanja ni kidogo. Kuna mtelezo wa saruji, bembea za minyororo, treni ya watoto isiyotembea tena, na katikati pembea ya farasi kumi na sita. Ni farasi wa mbao hasa, si wa plastiki. Rangi imepakwa juu ya rangi mara nyingi hata nyuso zimekuwa nene, na mmoja masikio yake ni ya bati. Wanane wako mstari wa nje, wanane wa ndani. Kila farasi ananing'inia kwenye bomba la shaba lililoshikwa juu na krenki, yaani chuma kilichopindwa kona; mhimili ukizunguka, krenki zinazunguka nao, farasi wanapanda na kushuka.

Waliletwa kabla ya 1972, ndivyo marehemu mumewe alivyomsimulia. Mwenye farasi wa kwanza alikuwa Mhindi mwenye duka la nguo. Agosti mwaka huo Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke katika siku 90, na huyu bwana akaondoka kama wenzake. Farasi wakabaki chini ya turubai. Mali zilipoanza kurudishwa kwa wenyewe, familia ikapata ardhi yake. Ikarudi kuangalia tu. Mume wa Hajat akainunua pembea na kila kilicho juu ya kiwanja. Ardhi yenyewe aliikodi tu.

Ukitaka kuielewa safari hii, shika hilo la mwisho.

Hajat hafichi hesabu. Mtoto mmoja hulipa shilingi 2,000 za Uganda kwa mzunguko. Jumatatu hadi Ijumaa hakuna mtu. Jumapili alasiri wanakuja wachache. Pesa yenyewe ipo kwenye Idi mbili, Krismasi, Pasaka na Mwaka Mpya, na mvua ikinyesha mojawapo ya siku hizo, mwaka umepungua. Korona ilipoingia Machi 2020 serikali ikafunga shule, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kiwanja nacho kikafungwa. Panya wakala nyaya, grisi ikakauka, mota ikakwama. Alipofungua tena alikuta wazazi wamehamia kwenye yale majumba ya kurukia yanayopulizwa hewa. Unayakodi kwa siku, yanaletwa nyumbani kwa pikapu, yanakunjwa jioni.

"Yale hayana kiwanja," Hajat alisema. "Wenyewe hawalipi kodi ya ardhi. Mimi nalipa hata siku farasi wamelala."

Nilimwuliza zamani wateja walitoka wapi. Akanyoosha mkono upande wa Walukuba, mtaa wa nyumba za wafanyakazi. Jinja ilikuwa mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme ukavuta viwanda vya nguo na vinginevyo, na baba aliyepokea mshahara aliwaleta watoto Jumapili. Viwanda viliposambaratika baada ya 1972, Jumapili ya namna hiyo nayo ikaondoka.

Jumatano, Jinja

Siku ya chaki.

Vijana wawili wa Hajat walitusaidia kushusha turubai. Mjomba akazipanga krenki zote nane juu ya gunia, kila moja inabeba farasi wawili. Kwanza alizigonga kwa nyundo ndogo, moja moja, akiwa ameinamisha kichwa. Chuma kizima hulia sauti ndefu. Chenye ufa hulia kifupi, kimefungwa koo. Mbili zililia vibaya, lakini Mjomba haamini sikio peke yake, na mimi nimezidi kumheshimu kwa hilo.

Akazifuta hadi zikang'aa. Akazipaka mafuta ya taa kote, akaziacha tukaenda kunywa chai. Tuliporudi akazikausha kwa kitambaa safi, akizungusha kila kona, halafu akachukua chaki, akaisugua juu ya chuma mpaka krenki ikawa nyeupe yote. Kisha tukakaa. Ufa huwa umekunywa mafuta, na mafuta hayo hurudi nje taratibu yakaloanisha chaki. Baada ya kitambo ukajitokeza kwenye kona ya krenki ya tatu mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele, ukizunguka karibu nusu ya shingo ya chuma. Kwenye ya saba ukajitokeza mwingine, mfupi. Zile nyingine sita zilibaki nyeupe.

Kijana mmoja akauliza kwa nini tusichomelee tu.

"Ukichomelea hapa, ufa wahamia kando ya weldi," Mjomba akamwambia. "Kisha wavunjika siku ya Idi, mtoto akiwa juu. Hiki chuma chatengenezwa upya."

Bushi nazo zimeisha. Zile za shaba ambamo krenki huzungukia zimelika hadi zimekuwa yai, ndiyo maana farasi walikuwa wanatikisika. Hakuna duka la kuagiza. Vipuri vya mashine ya namna hii viliacha kutengenezwa kabla sijazaliwa. Kitu pekee kinachoweza kuiokoa ni mtu mwenye mashine ya kukereza na subira.

Alasiri alikuja mwenye ardhi, au tuseme mmoja wao. Ni mjukuu wa yule bwana wa duka la nguo, amezaliwa Leicester, Uingereza, na Kiswahili chake ni cha jikoni kwa bibi yake: anajua kusema "leta chumvi" na "pole sana". Tulimtarajia mtu mkali. Ni kijana mpole, alivua viatu kabla ya kupanda jukwaa, akashika kichwa cha farasi mwenye masikio ya bati. Babake alimpanda huyu, alisema. Ana picha nyumbani.

Halafu akatoa karatasi. Ndugu ni wengi, ardhi iko kwa majina yao wote, na kampuni ya mafuta imetoa bei. Mkataba wa Hajat unakwisha mwakani na kijana peke yake hana kura ya kutosha kuuongeza. Alieleza kwa adabu, Hajat akasikiliza kwa adabu. Ukipita barabara yoyote ya Uganda sasa utaona jinsi vituo vya mafuta vinavyofuatana, wakati mwingine viwili vinatazamana, na sijui ni magari gani yanayonyweshwa na vyote hivyo.

Hakuna aliyekosea pale. Hilo ndilo linalonikera. Watu huandika kwamba viwanja hivi vinakufa kwa sababu watoto siku hizi wana simu. Mimi jana nilimwona mtoto wa jirani akichungulia kwenye ua akauliza farasi wataanza lini. Mtoto yupo. Kinachouzwa ni udongo ulio chini ya farasi, na udongo huo umepanda bei kuliko kitu chochote ambacho farasi kumi na sita wanaweza kuingiza, hata wakizunguka usiku na mchana.

Alhamisi, Kampala

Tulivuka Nile kwa daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, tukapita msitu wa Mabira, tukasimama Namawojjolo kununua kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, kupitia dirishani. Mjomba alikula miguu yote ya kuku kabla hatujafika Mukono.

Katwe inajulikana. Kitu chochote cha chuma kinachohitajika Kampala, kuanzia mashine ya kusaga mahindi hadi geti, kuna mtu Katwe atakayekitengeneza akikitazama tu. Tulimpata mkereza aliyewahi kufanya kazi Gikomba, Nairobi, kwa hiyo mazungumzo hayakuwa na tabu. Aliigeuza bushi ya zamani mkononi, akapima kwa kalipa, akavuta kutoka chini ya meza kipande kizito cha shaba nyeusi.

"Hii ilikuwa propela ya boti. Itadumu kuliko ile ya kwanza."

Nilisimama nikimwangalia. Shaba ilikuwa ikitoka kwenye ncha ya kisu kwa nyuzi fupi za dhahabu, zikirundikana miguuni mwake, naye kila baada ya muda alisimamisha mashine na kujaribisha krenki ndani ya tundu. Ya kwanza iliingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Mjomba akatikisa kichwa: imelegea. Mkereza akaitupa pembeni, akaanza nyingine bila kuongeza bei. Krenki mbili mpya alizikata kutoka ekseli ya lori, chuma ambacho kimezoea kupigwa na mashimo ya barabara.

Tukiwa tunasubiri, nilipanda bodaboda kwenda Kansanga kwa mtu aliyekuwa na mota. Dereva amekulia huko. Nilipomwambia kazi yetu akaanza kuzungumzia Didi's World, ambayo baadaye ikawa Wonder World. Ukiwa mtoto Kampala na Krismasi inakaribia, alisema, hilo ndilo jina ulilokuwa ukilitaja nyumbani hadi wazazi wachoke. Waliokulia Nairobi watanikumbusha Luna Park ya pale Uhuru Park. Kila mji wa Afrika Mashariki una jina lake la namna hiyo, na mara nyingi anayelitaja hulitaja akiangalia juu.

Usiku, kwenye gesti ya Old Kampala, nilisoma habari za wenzetu wa mbali kwenye simu. Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, viwanja vingi vya michezo vilijengwa na kampuni za tramu, yale magari ya abiria ya reli za mjini, mwisho wa reli, ili watu wapande tramu hata Jumapili. Magari binafsi yalipokuja, tramu zikafa, viwanja vikafuata. Nilifikiria Walukuba. Kiwanja cha michezo hakijilishi, hulishwa na kitu kingine, na kitu hicho kikianguka hakuna anayekumbuka kuwaambia farasi.

Lakini kuna waliookoka. Altoona, Pennsylvania, kuna reli ya mbao ya burudani, vigari vyake hupanda na kuteremka, iitwayo Leap-the-Dips, ya 1902. Ilifungwa 1985, ikaoza, watu wakachangishana, ikafunguliwa tena 1999. Na Margate, Uingereza, kulikuwa na Dreamland yenye reli ya mbao ya 1920. Serikali iliiweka reli hiyo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa mwaka 2002. Mwaka 2008 sehemu yake ikaungua. Hata hivyo orodha ilibaki orodha, mwenye ardhi hakuweza kuifuta na kujenga fleti, halmashauri ya eneo ikaitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria, na 2015 pakafunguliwa tena. Kilichoiokoa Dreamland hakikuwa rangi mpya. Ilikuwa karatasi iliyoifunga ardhi.

Uganda imekuwa na sheria za kulinda kumbukumbu za kihistoria tangu 1967. Kuna pia CCFU, taasisi ya kutetea utamaduni na urithi, ambayo imeyapigania majengo ya zamani ya Kampala, Entebbe na Jinja, ikayachorea ramani ili watu wayatembelee. Maghorofa ya Wahindi yanatajwa, makaburi ya wafalme yanatajwa. Pembea ya watoto nani ataitaja? Nilimwuliza Mjomba kama Hajat angeweza kuomba. Alikuwa ameshalala.

Ijumaa, Entebbe

Baada ya swala ya Ijumaa kwenye ule msikiti mkubwa wa kilimani, mtoto wa Hajat alitupeleka Entebbe. Kuna mwenye ufuo wa ziwa anayetaka farasi. Yuko tayari kutoa nafasi bure, wagawane mapato.

Eneo linapendeza: mchanga, miti, familia zinakula samaki. Mjomba hakutazama ziwa. Alikwenda kwenye ukuta wa choo akaonyesha kwa kidole mstari wa tope la zamani, juu ya goti.

"Hapa maji yalifika lini?"

Mwaka 2020, wakamwambia. Mei mwaka huo Ziwa Viktoria lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, kiwango cha juu kuliko kilichokuwa kimewahi kuandikwa hadi wakati huo, na fuo nyingi za Entebbe zikaingia majini pamoja na viti na vibanda vyake. Mjomba akachukua chuma cha bolti, akakidunga ardhini kwa mkono mmoja. Kiliingia chote.

Pembea ya farasi yataka kusimama sawasawa. Mhimili ukiinama kidogo tu, mzigo wote unaegemea upande mmoja wa beringi, na ndani ya miezi unakuwa na kelele, kisha joto, kisha msiba. Hapo pangehitaji zege la kwenda chini, na ukishamwaga zege kwenye ardhi ya mtu umerudi palepale ulipotoka.

Kabla ya kurudi tuliingia bustani ya wanyama, kwa sababu Mjomba hakuwahi kumwona kifaru. Ilianza 1952 kama kituo cha kulea wanyama yatima, sasa ndiyo UWEC, kituo cha elimu ya wanyamapori. Mabasi ya shule yalikuwa yamepanga foleni, watoto wa sare za kila rangi, walimu wakihesabu vichwa. Hapa nilipata jibu la swali la Walukuba, la nani hukilisha kiwanja: hii nayo ni sehemu ya zamani ya kuburudikia, imepita vita na dhiki kama Jinja ilivyopita, lakini ardhi ni ya umma na anayeilisha ni shule. Shule haihami. Nilimwambia mtoto wa Hajat aandike barua kwa walimu wakuu wa Jinja, siku za wiki, bei ya kundi. Jumatatu hadi Ijumaa farasi wanalala bure. Akasema atajaribu. Hata wakikubali, mkataba ni ule ule.

Kifaru alikuwa amelala. Mjomba alimsubiri asimame hadi mlinzi akatuambia wanafunga.

Jumamosi, Jinja

Kufunga krenki kuanzia alfajiri. Mikono yote grisi. Umeme ulipotea saa sita, ukarudi saa kumi ukiwa na fezi, yaani njia za umeme, mbili tu badala ya tatu, na lau kijana angewasha, mota iliyotoka Kansanga ingeungua siku ya kwanza. Mjomba akafunga kifaa cha kukata umeme fezi ikipungua, na akamfundisha kijana hadi akaweza kukieleza mwenyewe.

Jumapili, Jinja

Tulijaribu kwa viroba vya mchanga kwanza, kiroba kimoja kila farasi, kizito kuliko mtoto yeyote atakayepanda. Pembea ikazunguka robo saa. Mjomba alilala chali chini ya jukwaa kwa muda wote huo, akisikiliza. Akatoka, akapapasa kila bushi kwa kiganja. Zote baridi. Akaomba chaki, akazipaka tena krenki mbili mpya, tukangoja. Zikabaki nyeupe.

Ndipo Hajat akafungua geti. Watoto wa mtaa walikuwa wameshajaa nje. Sijui nani aliwaambia. Mzunguko wa kwanza aliutoa bure, wa pili akatoza, bila kutabasamu, na ni sawa kabisa.

Mjukuu wa Leicester alikuja na simu, akawapigia ndugu zake wakaona kwa video. Kulikuwa na sauti nyingi upande wa pili, Kigujarati na Kiingereza, mtu mmoja akilia kidogo. Alipokata alimwambia Hajat kwamba wamekubali kumwachia hadi Idi kubwa ya mwakani ipite. Kuhusu kuuza, hawajabadili neno. Hajat akamshukuru, akampa soda.

Jioni, watu walipoondoka, nilidhani kazi imekwisha. Mjomba akatoa seti ya namba za chuma, zile za kugonga kwa nyundo. Tukaanza na mhimili, tukaenda krenki, mabomba, mbao za jukwaa, farasi mmoja mmoja chini ya tumbo mahali pasipoonekana. Kila kipande kikapata namba yake na namba ya jirani yake. Kijana mmoja aliandika kwenye daftari la shule. Zile bolti nne za chini, zilizozikwa kwenye zege tangu siku ya kwanza, Mjomba alizikata kwa msumeno na kuweka sahani ya chuma yenye nati za kufungua. Mwenye ardhi aliona tunachofanya, akashika taa.

"Sasa yaweza kuhama," Mjomba akamwambia Hajat akinawa mikono kwa mafuta ya taa. "Vijana wanne, siku mbili. Ukipata pahali palipo kavu, wanipigia."

Hajat akalipa pesa iliyobaki, akahesabu mara mbili. Kisha akauliza lori la kutoka Jinja hadi Bombo kwao linakwenda shilingi ngapi, maana kuna kiwanja cha ukoo karibu na shule.

"Uliza bei ya malori mawili," Mjomba akasema. "Mhimili hauingii kwenye moja na farasi."